Kompyuta mpya inaanguka wakati wa kuwekewa mfumo: mwongozo kamili wa kutafuta chanzo

Vifaa vingi vya kompyuta vinavyouzwa Lubumbashi huingia kwa barabara. Vinashushwa bandarini Durban au Dar es Salaam, vinapanda malori, vinakatiza Zambia, vinakaa Kasumbalesa hadi mambo ya forodha yaishe, ndipo vinafika mjini. Fundi anaviunganisha, anachomeka flashi, anawasha. Windows inaanza kunakili faili, asilimia inapanda, halafu skrini inageuka bluu, au mashine inazima yote bila neno. Mwenye mali anasema maneno ambayo kila fundi wa hapa ameyasikia: "Fundi, hii Windows haiko muzuri, inakufaka tu njiani." Basi inatafutwa kopi nyingine kwa rafiki. Nayo inakufa. Inatafutwa ya tatu.

Mara nyingi kopi haina kosa lolote. Kuweka mfumo endeshi ndiyo kazi nzito ya kwanza ambayo mashine mpya inapewa. Prosesa inafumua maelfu ya faili zilizobanwa, RAM (kumbukumbu ya muda) inazishika, diski inaziandika, vyote kwa pamoja na bila kupumzika. Ukurasa wa BIOS, ile programu ndogo ya ubao mama inayoamsha mashine kabla ya mfumo, unaweza kukaa wazi kutwa nzima kwenye mashine mbovu kwa sababu hauiombi kitu kizito. Kasoro iliyokuwa imelala inaamka pale mfumo unapoanza kuwekwa, na lawama inaangukia mfumo.

Kwa hiyo mwongozo huu haukupi orodha ya dawa za kubahatisha. Unakuonyesha namna ya kuisoma mashine inavyoanguka, ili ujue uanzie wapi.

Kalamu na karatasi kabla ya bisibisi

Usifungue skrubu hata moja kwanza. Acha mashine ianguke mara mbili tatu, na kila mara andika mambo manne: ilikuwa hatua gani, asilimia ngapi, ilionyesha nini, na ilikuwa imewaka kwa muda gani. Skrini ya bluu haikai sana, kwa hiyo simu yako iwe tayari kupiga picha.

Unachotafuta ni jibu la swali moja: anguko linarudi palepale, au linahamahama?

Likirudi palepale kila mara, kwa mfano linakataa siku zote kwenye faili ileile au mara tu baada ya kuchagua diski, shuku vitu visivyobadilika: faili uliyopakua, flashi, draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa) inayokosekana, mpangilio wa BIOS, kadi ya video. Anzia sehemu ya flashi hapa chini.

Likihamahama, leo asilimia 14, baadaye 62, mara nyingine hata kabla hujachagua lugha, shuku kitu kinachoyumba: umeme, joto, RAM, prosesa. Soma kwa mpangilio ulioandikwa hapa.

Namna ya kufa nayo inasema. Mashine ikizima kabisa, feni zikasimama, hilo ni jambo la umeme au joto, na kopi yako ya Windows haihusiki. Ikijiwasha upya bila ujumbe, umeme na RAM viko mbele ya mstari. Ikiganda, kipanya hakisogei wala taa ya Caps Lock kwenye kibodi haijibu, fikiria RAM, kadi ya video au diski. Ikitoa skrini ya bluu yenye maneno, yasome. MEMORY_MANAGEMENT na PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA mara nyingi huelekeza kwenye RAM. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR ni prosesa au ubao mama wenyewe wakitoa taarifa kwamba kifaa kimekosea. INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE maana yake Windows imeshindwa kuifikia diski iliyokuwa inaisoma. Na ikitoa kidirisha cha kawaida chenye namba kama 0x80070570 au 0x8007025D, inakwambia kuna faili isiyosomeka. Hapo angalia kama ni faili ileile kila mara au inabadilika, kwa sababu RAM mbovu nayo huharibu faili isiyo na kasoro ikiwa njiani kutoka kwenye flashi kwenda kwenye diski.

Msimbo mmoja peke yake usikufanye ununue kitu. Misimbo mitatu tofauti katika maanguko matatu ni ushahidi mzito zaidi, na karibu siku zote unaelekea kwenye RAM au umeme.

Yapo pia mambo mawili yanayofanana na anguko na si anguko. La kwanza: mashine yenye RAM ya DDR5 ikiwashwa mara ya kwanza, au baada ya kubadilishiwa RAM, inaweza kukaa na skrini nyeusi kwa dakika kadhaa ikipima kumbukumbu yake. Watu wengi wanaikata umeme katikati, inaanza upya, wanaikata tena, kisha wanatangaza kwamba ubao mama umekufa. Ipe robo saa. La pili: Windows inamaliza kunakili, inajiwasha upya, na unajikuta tena kwenye ukurasa wa kuchagua lugha. Mashine imerudi kusoma flashi tu. Ichomoe flashi wakati inapojiwasha upya mara ya kwanza, au uweke diski juu ya flashi katika mpangilio wa BIOS.

Umeme

Tabia ya SNEL, shirika letu la umeme, tunaijua. Kabla ya kukatika, umeme mara nyingi unalegea: taa zinafifia, friji inanguruma, halafu ndipo giza. Laptopu ina betri, haioni mlegeo huo. Kompyuta ya mezani inauona wote, na pawa saplai dhaifu (kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme) inaachia hapo hapo. Kama una kipima umeme, pima soketi wakati mashine inafanya kazi, si wakati imezimwa. Karibu na volti 220 ni sawa. Ukiona inashuka mbali na hapo kila jirani anapowasha pasi au jiko, umepata mshukiwa wako wa kwanza, na stabilaiza nzuri itakufaa kuliko kopi mpya ya Windows.

Angalia nyuma ya pawa saplai. Baadhi, hasa za zamani na za bei ndogo, zina swichi nyekundu yenye 115 na 230. Kwetu ni 230 siku zote. Ikiwa kwenye 115 ukachomeka, hutakuwa na tatizo la kuanguka, utakuwa na moshi.

Fungua ubavu wa kasha, umeme ukiwa umechomolewa. Kebo mbili lazima ziwe zimeingia mpaka mwisho: ile pana ya pini 24 pembeni mwa ubao mama, na ile ya pini 8 iliyo juu karibu na prosesa, ambayo mara nyingi inakuja imegawanyika vipande viwili vya pini 4. Bao nyingi zinakubali kuwaka zikiwa na nusu yake tu. BIOS inafunguka, kila kitu kinaonekana kizuri, kisha prosesa inapoanza kufumua faili inaomba umeme mwingi na kuukosa. Kama kuna kadi ya video inayohitaji kebo yake, nayo iwe imeingia.

Kisha nenda kwenye BIOS, ukurasa wa kufuatilia vifaa, usome mstari wa volti 12. Kiwango kilichozoeleka cha pawa saplai, ATX, kinaruhusu tofauti ya asilimia 5, yaani kati ya 11.4 na 12.6. Ukiona 11.2 wakati mashine imekaa tu haina kazi, pawa saplai hiyo ibadilishwe. Ikiwa namba ni nzuri lakini mashine bado inazima ghafla katikati ya kazi, azima pawa saplai ya mtu unayemwamini ujaribu nayo. Jina la wati 500 lililobandikwa ubavuni halithibitishi kitu kwenye pawa saplai nyepesi isiyo na jina la mtengenezaji anayejulikana.

UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshika mashine umeme ukikatika, nayo ina neno lake. Za bei ndogo, zinapohamia kwenye betri, hutoa umeme wenye mawimbi ya ngazi-ngazi badala ya mawimbi laini. Baadhi ya pawa saplai za kisasa haziupendi umeme huo na zinazima wakati wa mhamo wenyewe. Kama mashine yako inaanguka sekunde ileile ambayo SNEL inakata, hata kama taa ya UPS inawaka, umepata sababu. Weka mfumo wakati umeme wa mji upo na umetulia. Pengine ni usiku sana au alfajiri, mwenyewe unaujua mtaa wako.

Joto

Hapa ni pafupi. Kwenye BIOS angalia joto la prosesa. Kati ya nyuzi 30 na 55 mashine ikiwa imetulia ni kawaida, hata katika joto la Oktoba. Ukiona linapanda mbele ya macho yako kuelekea 90 ukiwa bado kwenye BIOS, zima. Toa kipoozi cha prosesa uangalie chini yake: je, ile karatasi ya plastiki ya kiwandani ilibanduliwa? Je, pasta ya joto ipo na imesambaa? Je, skrubu au vishikio vyote vinne vimekaza sawa? Waya wa feni uwe umechomekwa palipoandikwa CPU_FAN. Na kama kasha limekaa dukani wakati wote wa kiangazi, vumbi jekundu litakuwa limeshaziba matundu ya mbele. Lisafishe kwa brashi laini na hewa, si kwa kitambaa chenye maji.

RAM, ambako safari nyingi huishia

Mwanafunzi mmoja aliniletea mashine mpya pamoja na karatasi yake: asilimia 14, kisha 62, kisha 37, kila mara na msimbo tofauti. Alikuwa ameshamaliza data nyingi kwa kupakua Windows upya. Ukiangalia RAM kutoka mbele, kila kitu kilionekana kimekaa. Ukiinama na kuangalia kutoka ubavuni kwa tochi, uliona kwamba upande mmoja wa kipande kimoja mistari ya dhahabu ilikuwa inaonekana kidogo kuliko upande wa pili. Kishikio cha upande huo kilikuwa kimeegemea tu, hakikufunga. Mashine ilikuwa imefungwa vizuri dukani, ikasafirishwa, barabara ikafanya kazi yake. Kukibonyeza kipande mpaka kilie "tak" kulitosha.

Fanya hivi, kwa utaratibu. Chomoa umeme kabisa, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde chache ili mabaki ya umeme yaishe, gusa chuma cha kasha kwa mkono. Toa vipande vyote vya RAM. Futa mistari ya dhahabu kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi. Rudisha kipande kimoja tu, kwenye nafasi inayopendekezwa na kitabu cha ubao mama. Katika bao nyingi zenye nafasi nne ni ile ya pili kuanzia upande wa prosesa, na mara nyingi imeandikwa A2. Vipande viwili hukaa ya pili na ya nne, si bega kwa bega. Bonyeza pande zote mbili mpaka vishikio vifunge vyenyewe.

Sasa jaribu kuweka mfumo ukiwa na kipande hicho kimoja. Ukikwama, kitoe, weka cha pili nafasi ileile. Kipande kimoja kikipita na kingine kikianguka, umeshajua. Vyote vikianguka kwenye nafasi hiyo lakini vikipita kwenye nyingine, ubaya uko kwenye ubao mama.

Kabla hujakihukumu kipande chochote, rudi BIOS uzime XMP, au EXPO kwa mashine za AMD. Hiyo ni mipangilio ya kuendesha RAM kwa kasi kubwa kuliko kasi yake ya msingi. RAM ya DDR4 iliyoandikwa 3600 kwenye boksi lake inafikia 3600 kwa XMP tu. Ukiizima itashuka mpaka kasi ya kawaida kama 2133 au 2666. Wapo wanaouza mashine hali XMP imeshawashwa ili mnunuzi aone namba kubwa, na si kila prosesa au ubao unaiweza kasi hiyo, hasa vipande vikiwa vinne au vikiwa vimechanganywa kutoka maboksi tofauti. Weka mfumo kwa kasi ya msingi. Ukimaliza na mashine ikatulia siku kadhaa, ndipo uwashe XMP na kupima upya.

Kipimo chenyewe ni Memtest86+, programu huru na ya bure, ndogo kiasi kwamba data yake haitakuumiza. Iandike kwenye flashi, washa mashine kutoka kwenye flashi hiyo, itaanza kupima yenyewe. Kama BIOS inakataa kuifungua, zima Secure Boot (kinga ya BIOS inayokataa programu isiyoitambua) kwa muda, uirudishe baadaye. Iache izunguke mizunguko kadhaa. Kwa RAM kubwa hiyo ni kazi ya saa nyingi, bora usiku. Idadi ya makosa inayokubalika ni sifuri. Usikubali fundi akwambie kwamba makosa mawili matatu si kitu: kosa moja la kumbukumbu linatosha kuharibu faili moja ya mfumo, na mfumo utakaa ukianguka miezi yote bila kukwambia sababu.

BIOS na prosesa

Mpangilio wa BIOS ukivurugika, urudishe kwenye hali ya kiwandani. Kuna chaguo lake ndani ya BIOS, au toa betri ya duara ya CR2032 kwa dakika chache umeme ukiwa umechomolewa. Kisha rekebisha tarehe na saa. Tarehe ya miaka iliyopita huzuia mfumo kuamini vyeti vya usalama wakati wa kuunganisha intaneti, na betri iliyokaa ghalani muda mrefu mara nyingi imeshakufa.

Mashine mpya kabisa yenye prosesa mpya kuliko ubao wake inahitaji toleo jipya la BIOS. Kundi moja nalitaja kwa jina kwa sababu limeumiza watu wengi: prosesa za mezani za Intel za kizazi cha 13 na cha 14, hasa Core i9 na i7 za juu. Zilikuwa zinapewa volti kubwa kupita kiasi na kuanza kuyumba, zikatoa makosa ya kufumua faili na skrini za bluu zisizo na mpangilio. Intel ilitoa marekebisho ya msimbo wa ndani wa prosesa, 0x129 mwezi Agosti 2024 na 0x12B mwezi Septemba 2024, yanayokuja ndani ya BIOS mpya ya mtengenezaji wa ubao. Marekebisho hayo yanazuia madhara, hayaponyi prosesa iliyokwisha kudhurika. Intel pia iliongeza miaka miwili kwenye dhamana ya prosesa hizo zinazouzwa kwenye boksi lake. Ukinunua ya mtumba ya kizazi hicho, uliza ilifanya kazi na BIOS ipi.

Sharti moja nalisisitiza kwa nguvu zote: usibadilishe BIOS bila UPS inayofanya kazi. Umeme ukikatika katikati ya kuandika BIOS, unaweza kubaki na ubao usiowaka kabisa. Baadhi ya bao zina kitufe cha kuandika BIOS kutoka kwenye flashi bila prosesa, na zinaokoka kwa njia hiyo. Nyingi hazina.

Faili na flashi

Hapa ndipo waanze wale ambao anguko lao linarudi palepale.

Faili ya Windows 11 inazidi GB 5. Kwa bei ya data ya simu, watu wanagawana kopi zinazozunguka mjini, nyingi zikiwa zimepunguzwa na mtu asiyejulikana ili "ziwe nyepesi". Kopi iliyopunguzwa inaweza kukosa draiva ambayo mashine yako inaihitaji, na hujui mtu huyo ameongeza nini ndani. Windows 7 kwenye mashine mpya ni hadithi nyingine: haina draiva za USB 3 wala za diski za kisasa za NVMe, kwa hiyo kibodi na kipanya vinakufa ukurasa wa kwanza. Na Windows 10 iliacha kupokea msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mashine mpya chukua Windows 11 kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, au Ubuntu, mfumo wa bure wa Linux, kutoka tovuti yake. Ukipata ofisi au siba yenye mtandao wa kasi, pakua mara moja, uhifadhi vizuri.

Ukishapakua, hakiki. Kwenye Windows fungua dirisha la amri kwenye folda yenye faili, uandike:

certutil -hashfile jina.iso SHA256

Kwenye Linux ni sha256sum jina.iso. Badala ya jina.iso weka jina la faili yako. Utapata mstari mrefu wa herufi na namba. Ulinganishe na ule uliochapishwa kwenye ukurasa wa kupakua. Tofauti ya herufi moja inatosha kusema faili imeharibika njiani. Kipimo hicho ni cha dakika moja na kinakuokolea siku nzima.

Flashi yenyewe iwe ya GB 8 au zaidi, na iwe ya kweli. Sokoni kuna flashi zinazojitangaza kuwa GB 64 hali ndani zina sehemu ndogo tu. Zinapokea faili bila kulalamika, kisha zinarudisha takataka. Zipime kwa H2testw kwenye Windows au f3 kwenye Linux. Andika faili kwa programu ya Rufus. Usiburute faili kwa mkono kwenye flashi ya FAT32, kwa sababu FAT32 haikubali faili moja inayofikia GB 4, na faili kuu ya Windows mara nyingi inapita hapo. Rufus inajua kulizunguka jambo hilo. Chomeka flashi nyuma ya kasha, moja kwa moja kwenye ubao mama, si mbele ambako kebo nyembamba imepita. Poti ya buluu ikisumbua, jaribu nyeusi ya USB 2.

Diski isiyoonekana au inayokataa

Kwenye mashine za Intel kuanzia kizazi cha 11, hasa laptopu, unafika kwenye ukurasa wa kuchagua diski na orodha iko tupu. Diski ni nzima. Imefichwa nyuma ya mpangilio unaoitwa VMD. Una njia mbili. Ama upakue draiva ya Intel RST kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mashine, uifumue kwenye flashi, kisha ubonyeze "Charger un pilote" kama unatumia Windows ya Kifaransa kama wengi wetu. Ama uzime VMD kwenye BIOS kabla ya kuanza. Ukishachagua njia usiibadilishe baadaye: mfumo uliowekwa VMD ikiwa imewashwa, ukiizima utakutana na INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE.

Windows ikikataa kwa kusema diski ni ya mtindo wa MBR (mpangilio wa zamani wa diski) au GPT (mpya), umewasha flashi kwa njia isiyolingana na diski. Kwenye BIOS zima CSM (njia ya zamani ya kuwasha) ili mashine itumie UEFI (njia mpya). Kisha, kwenye ukurasa wa kuweka Windows, bonyeza Shift na F10, andika diskpart, halafu list disk, uitambue diski kwa ukubwa wake, select disk ikifuatwa na namba yake, clean, na convert gpt. Amri ya clean inafuta kila kitu kwenye diski uliyochagua na haikuulizi mara mbili. Kama kuna diski nyingine yenye picha au kazi za mtu, ichomoe kabisa kabla ya kuandika amri hiyo.

Diski mpya ikiganda kila mara inapofika asilimia fulani ya kuandika, isome afya yake kwa programu ya CrystalDiskInfo ukiwa umeichomeka kwenye mashine nyingine.

Skrini nyeusi ya Ubuntu na kibodi ya AZERTY

Kwa wanaoweka Ubuntu kwenye mashine yenye kadi ya NVIDIA: menyu inaonekana, unabonyeza, skrini inakuwa nyeusi au inaganda. Jaribu kwanza mstari wa menyu wenye maneno "safe graphics". Ukikosa, simama juu ya mstari wa kwanza, bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, nenda mwisho wake, acha nafasi, andika nomodeset, kisha bonyeza F10.

Hapo kibodi zetu za Kifaransa zinawakwamisha watu. Menyu hiyo inasoma kila kibodi kana kwamba ni ya Kimarekani. Ukibonyeza M ya AZERTY utapata nukta na mkato, neno litakuwa no;odeset, na halitafanya kazi. Herufi m iko kwenye kitufe chenye alama ya mkato, kile kilicho kulia kwa N. Herufi nyingine zote za neno hilo ziko mahali pake. Soma mstari tena kabla ya kubonyeza F10. Mfumo ukishakaa, weka draiva ya NVIDIA, na nomodeset haitahitajika.

Ubuntu kama shahidi

Hata kama unataka Windows, flashi ya Ubuntu ni kifaa kizuri cha kupimia. Iwashe, uchague kuijaribu bila kuiweka, ufungue kivinjari, uiache ifanye kazi saa nzima. Haigusi diski yako. Ikianguka nayo, umeshaondoa shaka juu ya Windows na unarudi kwenye umeme na RAM. Ikitulia, fungua dirisha la amri, andika sudo dmesg na utafute mistari yenye maneno Hardware Error. Ikiwapo, prosesa imelalamika hata kama mashine haijaanguka.

Imeingia, lakini inaanguka ukurasa wa mwisho

Windows 11 Home inataka intaneti mwishoni, na mashine mpya mara nyingi haina draiva ya Wi-Fi. Unganisha simu kwa kebo ya USB, washa kushiriki mtandao kwa USB, na kwa kawaida Windows itaitambua. Mara tu ukiingia, weka draiva za ubao mama na kadi ya video kutoka kwa watengenezaji wenyewe kabla ya programu nyingine yoyote. Katika kazi hizi zote badilisha jambo moja, jaribu, andika. Ukibadilisha RAM, flashi na BIOS kwa pamoja na mashine ikapona, hutajua ni kipi kilikuwa kibovu, na kitakurudia.

Kurudisha kifaa dukani

Ukiwa na hakika kifaa ni kibovu, nenda na ushahidi: picha ya Memtest86+ yenye makosa, namba ya kifaa ikionekana, boksi lake, risiti. Mwambie muuzaji kwa heshima: "Papa, kipande hiki kimetoa makosa kwenye nafasi mbili tofauti, hiki kingine hakikutoa hata moja. Tujaribu pamoja kwenye mashine yako." Muuzaji mwenye biashara ya kudumu hawezi kubishana na hilo kirahisi, kwa sababu naye anahitaji ushahidi uleule kwa aliyemletea mzigo. Ukipewa kipande kingine, kipime palepale mzunguko mmoja kamili kabla hujaondoka.